Nyasi Zilizopanda Pikipiki

Zorobabel Kahongya hakuwa na mashine ya kukata nyasi. Hakuwa na mpira wa kumwagilia maji, wala bomba la kuufungia mpira huo hata kama angeupata. Hakuwa na toroli, hakuwa na reki, hakuwa na mabuti, hakuwa na koti la mvua. Hakuwa na msaidizi wala msaidizi wa msaidizi, ingawa kwenye mchoro uliobandikwa ukutani mwa biro yake, yaani ofisi yake, watu hao wawili walikuwa na visanduku vyao, vyenye vyeo na bila majina, tangu karatasi ile ilipokuwa nyeupe. Hakuwa na gundi ya bahasha. Hakuwa na meno mawili ya juu, upande wa kushoto. Na nyasi, kusema kweli, hakuwa nazo, ukiondoa zile za Butembo.

Alichokuwa nacho ni muhuri. Ulikuwa muhuri wa mviringo, wenye maneno "Huduma ya Bustani na Nafasi za Kijani", na mpini uliong'aa kwa miaka thelathini na moja ya kushikwa na mkono uleule. Kwa muhuri huo Zorobabel alitawala bustani tatu za serikali: moja Butembo, moja Beni, moja Oicha. Zote tatu zilipimwa zamani na mpima ardhi mmoja aliyekuwa na kamba moja, kwa hiyo zote ni hatua kumi kwa sita, na hakuna inayoizidi nyingine hata kwa upana wa kidole. Jambo hilo lilionekana dogo kwa miaka mingi.

Shida ya bustani kwetu si wizi wala ukame. Shida ni bidii. Mnande, mtu wa huku kwetu, akiona nyasi haoni nyasi. Anaona mahali ambapo maharagwe hayajapandwa bado, na mkono unaanza kumwasha. Akipita mara ya pili na kukuta pako vilevile, anauliza kwa upole kama mwenye mahali hapo ni mgonjwa. Ndivyo ilivyokuwa Beni. Mama mmoja alisimama na jembe begani, akamwuliza Zorobabel:

"Mzee, hii majani nani anakulaka?"

"Hapana kukula, Mama. Ni ya kuangalia."

"Kuangalia mpaka nini itokee?"

Zorobabel alikuwa amesoma shule ya jioni miaka minne, lakini swali hilo halikufundishwa. Mwaka ule wakina mama walichukua ukingo. Mwaka uliofuata walichukua katikati. Mwaka wa tatu Beni ilikuwa na maharagwe, na Oicha, ambako habari njema hufika haraka, ilikuwa na kabichi. Zorobabel alikasirika mwezi mzima. Kisha akatazama vizuri, akaona kwamba bustani zake hazijawahi kuwa safi namna ile: hakuna mfuko wa plastiki, hakuna kopo, zinapaliliwa kila juma na kuzungushiwa matete. Akarudi bironi na kuandika katika ripoti yake ya mwaka: "Bustani ya Beni ni safi. Bustani ya Oicha ni safi." Hakuwa amesema uongo. Zorobabel hakuwahi kusema uongo kwenye karatasi. Na huko makao makuu hakuna aliyeuliza kama usafi ule unapikwa na chumvi.

Nyasi za Butembo zilipona kwa sababu biro yake ilipakana nazo, naye alizilinda kama mtu anavyolinda sufuria ya nyama. Aliyezikata ni mbuzi wa mkewe Agar, mbuzi dume mwenye pembe moja, aliyeitwa Sekretere kwa sababu ya mapenzi yake kwa makaratasi. Pembe ya pili aliiacha kwenye taa ya pikipiki ya dereva mmoja, Edmond, na taa nayo haikupona. Na kila asubuhi Mama Bénite, mkubwa wa kwaya ya wakina mama, alipita na jembe lake, akasimama mbele ya nyasi zile, akavuta pumzi ndefu na kuitoa, kisha akaendelea na safari yake. Miaka thelathini na moja ya kuvuta pumzi.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba ilifika barua. Iliandikwa miezi miwili kabla, na ilisema mkaguzi, yaani inspecteur, atafika Jumanne. Zorobabel aliisoma amesimama, akaisoma ameketi, kisha akamsomea mkewe kwa sauti: bustani yoyote isiyo na nyasi itafutwa kwenye orodha na kukatwa viwanja vya kujenga, na huduma yoyote yenye bustani chini ya tatu itafungwa, na muhuri wake utarudishwa.

Agar alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ilisimama.

"Bakifunga biro, utakuwa unakaa hapa nyumbani kila siku?"

"Kila siku."

"Kutoka asubuhi?"

"Kutoka asubuhi, mama."

"Yesu," akasema Agar, na woga uliokuwa katika sauti yake ulizidi ule wa mumewe. Akajifunga kitenge vizuri na kwenda kumwita Mama Bénite.

Mama Bénite alisikiliza barua yote huku amekaa kwenye ngazi ya biro, akitazama nyasi.

"Donc bale bamama ba Beni batakosa maharagwe," alisema.

"Batakosa maharagwe, ba Oicha batakosa kabichi, miye nitakosa muhuri, na mahali pote patakuwa depo ya simenti."

Zorobabel alisema hivyo kwa sauti kavu, lakini mkono wake ulikuwa mfukoni, umeushika muhuri. Alikuwa na miaka sitini na saba. Akiwa na muhuri alikuwa Shefu wa Huduma, na watu walimwachia kiti. Bila muhuri alikuwa mzee mmoja wa Butembo anayependa nyasi, na watu wa namna hiyo hawaachiwi kiti, wanachekwa.

"Mzee Zoro," akasema Mama Bénite, "zile bustani tatu, kipimo ni kimoja?"

"Kamba moja."

"Na inspecteur ni mutu moja ao ni babiri?"

"Moja."

"Anaweza kuwa Butembo na Beni kwa saa moja?"

"Hapana, Mama. Hata gavana hawezi."

"Basi hauna lazima ya majani tatu. Moja inatosha. Kitu unakosa ni pikipiki."

Sekretere alicheua.

"Mama Bénite," Zorobabel akasema polepole, "hiyo ni kudanganya serikali."

"Kudanganya ni kusema. Weye utanyamaza tu."

Pikipiki Butembo ni kama inzi, shida si kuzipata bali kuzizuia. Edmond, mkubwa wa wamotari wa kituo cha karibu, alikubali kabla Zorobabel hajamaliza kueleza. Kilichomvuta ni salongo. Kila mmotari anatakiwa kufanya salongo, kazi ile ya lazima ya kusafisha mji, na kila mmotari anatakiwa kuonyesha karatasi kwamba ameifanya. Na mtu mwenye haki ya kugonga muhuri kwenye karatasi hiyo, kwa mambo ya bustani, ni Zorobabel.

"Tutakuwa kumi na mbili," alisema Edmond. "Mzee, kwa hii moto, hii pikipiki yangu, nilishabeba kitanda, nikabeba mabati, nikabeba nguruwe mbili na mwenye nguruwe. Majani itanishinda?"

Jumanne saa mbili asubuhi gari la jeep lilisimama mbele ya bustani ya Butembo, akashuka bwana Tshibangu. Alikuwa mtu wa Kasai, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni na viatu vilivyong'aa kiasi kwamba kuku waliviogopa. Alikuwa na daftari, na kila alichokiona alikiandika. Aliziangalia nyasi kutoka pande zote nne. Aliinama, akazigusa kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Akaandika, na Zorobabel akasoma juu ya bega lake: "Butembo. Nyasi: nzuri sana. Mbuzi: mmoja. Pembe: moja."

"Pongezi, Mzee," alisema. "Sasa twende Beni."

"Bila kukula, Shefu? Bibi yangu atalia."

Agar alikuwa amepewa kazi yake, naye aliifanya kwa moyo wote. Alileta maji ya kunawa, akasahau taulo, akarudi kuifuata taulo. Alileta sombe, yaani kisamvu, akaenda kufuata bugali. Alileta bugali, akagundua kwamba kuku bado hajaiva, na kuku kweli alikuwa hajaiva kwa sababu alikuwa anazunguka uani na afya yake njema. Nyuma ya nyumba, kwenye bustani, wakati huo, wakina mama wa kwaya walikuwa wanaziinua nyasi. Walizikata kwa panga kwa mistari, kama mtu anavyokata mche wa sabuni, kisha wakapitisha jembe chini yake kwa ubapa na kuzikunja pamoja na udongo wake kama mikeka. Na waliimba kwa nguvu zote ili kelele za majembe zisisikike.

"Bamama ba hapa banaimba muzuri," alisema Tshibangu.

"Ni repetition, mazoezi, Shefu. Ya Siku ya Bwana."

"Mais nasikia kama sauti ya chuma."

"Ni ngoma yao," Zorobabel akajibu. "Iko ya chuma." Akajimiminia maji, ingawa kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Walipoondoka, jeep ilikuwa imeelekezwa barabarani, na bustani ilikuwa nyuma yake, ardhi tupu na nyeusi kama kichwa kilichonyolewa. Tshibangu hakugeuka. Zorobabel aligeuka mara moja tu, akajuta: Mama Bénite alikuwa amesimama katikati ya udongo ule, amevua ndala, anaukanyaga taratibu kwa vidole vya miguu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mahubiri mazuri.

Njia ya Beni ni kilomita hamsini na kitu. Walikuwa hawajafika nusu wakati pikipiki zilipoanza kuwapita. Ya kwanza ilibeba mikeka minne ya nyasi, imefungwa kwa mipira. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na mikeka mitatu na ubao ulioandikwa NI MARUFUKU KUKANYAGA. Zorobabel alitoa mkono nje ya dirisha la upande wa pili.

"Shefu! Angalia kile kilima!"

Tshibangu akaangalia. "Kiko na nini?"

"Kiko... kirefu."

"Naona. Na kile kingine nyuma yake?"

"Kile ni kifupi," alisema Zorobabel, akihesabu milio ya pikipiki kwa masikio. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Edmond, na kati ya Edmond na mzigo alikaa Sekretere, miguu imening'inia, macho yamefumbwa nusu kwa raha, pembe yake ikipasua upepo. Hakuna aliyemwagiza mbuzi. Edmond alieleza baadaye kwamba mbuzi alipoona nyasi zake zinaondoka alizifuata mbio, akilia, mpaka watu wa barabarani wakaanza kusema kwamba wamotari wanamtesa mtoto.

Kwenye kizuizi walizikuta pikipiki zote kumi na mbili zimesimamishwa. Askari mmoja kijana, aitwaye Kalala, alikuwa anadunga mkeka wa nyasi kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Majani, Shefu," alisema Edmond.

"Majani ya nini?"

"Ya chini."

"Sasa kwa nini haiko chini?"

Edmond akafikiri. "Iko na safari."

"Iko na feuille de route, karatasi ya safari? Miaka yangu yote ya kazi sijaona majani inasafiri. Na mbuzi? Mbuzi ni mulinzi wake?" Wamotari wakacheka, na Kalala akakunja uso zaidi kwa sababu naye alikuwa karibu kucheka. "Hakuna karatasi, hakuna kupita. Mwenye majani ni nani?"

Edmond alitazama huku na huku, na macho yake yakatua kwenye dirisha la jeep. Zorobabel alitamani awe mfupi kidogo tu, aweze kujificha ndani ya koti lake mwenyewe. Lakini kabla hajafungua mdomo, Tshibangu alishuka, akapanguza viatu vyake, akamwendea askari.

"Moyo," alisema, ambayo ndiyo salamu ya kwao Kasai.

"Moyo, papa!" Uso wa Kalala ukafunguka kama mlango. Waliongea kwa lugha yao dakika mbili. Tshibangu alionyesha pikipiki, kisha mbuzi, kisha jeep. Kalala alicheka mpaka bunduki ikatikisika begani, akainua mti wa kizuizi mwenyewe, na alipopita Sekretere alimpigia saluti.

"Umemwambia nini, Shefu?" Zorobabel aliuliza jeep ilipoondoka.

"Nimemwambia banafunga njia," alisema Tshibangu, akavaa miwani.

Beni walipokelewa na kwaya nyingine na mchungaji Ézéchiel, ambaye alikuwa amepashwa habari kwa simu kwamba mkeka mmoja wa nyasi haujafika. Mmotari aliyeubeba alikuwa amepakia abiria njiani, na abiria huyo alikuwa na mizigo yake. Pasta alimtazama Zorobabel. Zorobabel alinyoosha kidole kimoja kuelekea mbinguni. Pasta akaelewa.

"Tufumbe macho," alisema.

Aliombea taifa. Aliombea jimbo, mji na makomini yake, yaani kata zake, moja moja. Alimwombea mgeni, na jamaa ya mgeni, na safari ya mgeni, akaliombea gurudumu la mbele la kushoto la jeep na la mbele la kulia, na alikuwa anaingia magurudumu ya nyuma wakati pikipiki iliposikika, kisha hatua za watu wanaokimbia na mzigo, kisha kishindo kidogo cha udongo juu ya udongo, kisha mtu anapigapiga kwa viganja.

"...na gurudumu la akiba pia, Bwana. Amina."

Tshibangu alifumbua macho. Mbele yake kulikuwa na nyasi, hatua kumi kwa sita, na ubao wa marufuku umekaa upande kidogo. Juu ya nyasi alisimama Sekretere, anatafuna.

"Mzee," alisema Tshibangu.

"Shefu."

"Huyu mbuzi."

"Ndiyo, Shefu."

"Yuko na pembe moja."

Zorobabel aliunyoosha ule ubao. Mama Bénite alikuwa amemwambia anyamaze tu, lakini kuna kunyamaza kunakopiga kelele. "Ni ukoo, Shefu," alisema. "Mama yao alikuwa vile."

Tshibangu akaandika, polepole, akisoma kwa sauti: "Beni. Nyasi: nzuri sana. Mbuzi: mmoja. Pembe: moja. Sababu: mama."

Walilala Beni, Zorobabel bila kulala. Asubuhi, njia ya Oicha, inayofungwa usiku, ilipofunguliwa, pikipiki zilitangulia na nyasi. Jeep ilichelewa kwa sababu kwaya ilidai kumwimbia mgeni wimbo wa kuagana, na wimbo ulikuwa na mistari kumi na minne.

Lakini Oicha kulikuwa na Mama Marie-Jeanne. Beni maharagwe yalikuwa yamevunwa na udongo ulikuwa wazi. Oicha kabichi zilikuwa bado ardhini, mistari sita, hazijafunga vizuri. Alipoambiwa azikate, Mama Marie-Jeanne alikaa chini katikati ya shamba.

"Kabichi yangu hapana kukatwa ingali mutoto. Hata raisi akuje."

"Mama, inspecteur iko njiani!" Edmond alimlilia.

"Akuje. Nitamuonyesha kabichi."

Kwa hiyo Edmond, kwa akili ya mtu aliyewahi kubeba nguruwe wawili na mwenye nguruwe, alitandaza nyasi juu ya kabichi.

Zorobabel alishuka kwenye jeep, akaona, akaushika mlango wa jeep. Bustani ya Oicha ilikuwa ya kijani kibichi, nzuri, na ilikuwa na matuta. Matuta ya mviringo, kwa mistari sita iliyonyooka, kama kitanda ambacho mtu ameficha mipira ya watoto chini ya shuka. Wakina mama wa Oicha walisimama pembeni wamefumba midomo. Edmond alikuwa anakagua kwa makini mnyororo wa pikipiki usio na tatizo lolote.

Tshibangu alizunguka bustani mara mbili.

"Nyasi za hapa ziko na milima," alisema.

"Ni mtindo, Shefu," alisema Zorobabel kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. "Ya... kupitisha maji."

"Na Sekretere yuko wapi?"

Zorobabel alishtuka. Hakuwa amemtajia jina la mbuzi hata mara moja. Lakini hakupata nafasi ya kulifikiria, maana Sekretere alikuwa anashuka kwenye pikipiki. Mbuzi huyo alikula nyasi zile miaka minane, kwa siku mbili amezifuata kilomita themanini, na watu wote waliamini kwamba anazipenda. Alinusa tuta la kwanza. Aliingiza pembe yake moja chini ya ukingo wa mkeka wa nyasi, akauinua kama mtu anavyofunua sufuria ya jirani, akaisukuma nyasi pembeni bila hata kuitazama, na mbele ya mwakilishi wa makao makuu akaanza kutafuna kabichi.

"Kabichi yangu!" Mama Marie-Jeanne akapiga ukelele.

Hapo kicheko cha wakina mama kikapasuka, na hakuna aliyeweza kukirudisha. Edmond alikaa chini kando ya pikipiki. Ni Zorobabel peke yake ambaye hakucheka. Alivua kofia. Alitoa muhuri mfukoni, akaupangusa kwa leso pande zote, akamnyooshea Tshibangu kwa mikono miwili.

"Chukua, Shefu. Miaka makumi tatu na moja sijaandika uongo kwenye karatasi hata siku moja. Jana na leo nimeuandika kwa majani. Hii bustani ni ya kabichi. Ile ya Beni ni ya maharagwe. Ya kweli ni ile ya Butembo tu, na iko hapa, inakanyagwa na mbuzi."

Tshibangu alipokea muhuri. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya tuta moja. Lilisema *kwachu*.

"Ya pili!" akalia Mama Marie-Jeanne.

"Nitailipa, Mama," alisema Tshibangu bila kusimama. "Mzee, kabla ya zako nimekagua bustani kumi tangu nitumwe huku. Kwa zile kumi, shefu wa huduma alinipeleka mbele ya nyumba ya mabati, akaniambia nyasi iko chini yake. Yako ni ya kwanza kutoka mbio kunipokea."

"Shefu alijua tangu lini?"

"Tangu kizuizi. Yule askari, nilimwambia: muache hii majani ipite, la sivyo Beni sitakuwa na kitu cha kukagua. Jina la mbuzi nililisikia kwa motari, alikuwa anamuomba akae vizuri." Akageuza muhuri mkononi. "Nilitaka kuona mwisho. Mais sasa niko na shida. Lazima niandike kitu. Barua inasema kila bustani iwe na nyasi, na nyasi ni ya moja. Mimi pia siandikake uongo."

Sekretere peke yake aliendelea na kazi.

Ndipo Mama Bénite akajitokeza. Alikuwa amekuja juu ya pikipiki ya saba, kati ya mikeka ya nyasi, na alikuwa bado na udongo mgongoni.

"Shefu, ruhusa. Weye ni mutu wa biro, sisi ni batu ba jembe. Maharagwe ikikaa mahali pamoja kila musimu, udongo unachoka. Unakuwa mweupe, unakuwa bure. Kwetu shamba tunalilaza. Tunaliacha majani imee musimu moja, likipumzika tunarudi. Sasa hii majani ya Mzee, ndiyo hiyo. Ni kulaza shamba. Kabichi ikivunwa, musimu moja ilale Oicha, kisha iende Beni, kisha Butembo. Maharagwe iko mbele, majani iko nyuma. Kila bustani itakuwa na majani, kwa zamu yake."

"Na hapa Oicha ikianza, Butembo itakuwa na nini?" aliuliza Zorobabel.

Mama Bénite aliangalia pembeni. "Butembo ile udongo iko tupu tayari," alisema. "Haifai kuachwa vile. Watu batauliza kama mwenye hapo ni mugonjwa."

Zorobabel alimtazama, akaona pumzi zote zile za miaka thelathini na moja zikitabasamu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akacheka, na nafasi ya meno yake mawili ikaonekana na watu wote wa Oicha.

"Barua haikusema kwa muda gani," alisema Tshibangu taratibu, kama mtu anayeonja supu. "Inasema 'yenye nyasi'. Haikusema 'yenye nyasi kila siku'. Mzee, nimeona mwandiko wako kwa ripoti, unashinda wangu. Andika, mimi nitasaini. Mais andika vyote."

Wakaleta meza ya mama mmoja muuza sukari. Zorobabel akavaa kofia, akaketi, akaandika tarehe na namba ya barua, kwa sababu barua bila namba ni uvumi tu. Aliandika kwamba mkaguzi ameona nyasi kwa macho yake Butembo, Beni na Oicha. Kalamu ikasimama. Neno lililofuata lingeweza kumfungia biro. Kule makao makuu kulikuwa na watu wasiomjua Mama Bénite wala udongo unaochoka. Tshibangu hakumharakisha. Zorobabel aliandika: "Nyasi hizo ni zilezile." Kisha akaendelea, kwa herufi zilizosimama wima zaidi kuliko za mwanzo: "Zinatunzwa kwa zamu, msimu mmoja kila mahali, nyuma ya maharagwe na kabichi za wakina mama, ili udongo upumzike na bustani zote tatu ziwe safi. Usafiri: pikipiki kumi na mbili, kwa salongo. Vifaa vilivyopo: mbuzi mmoja, pembe moja. Vifaa vinavyokosekana: tazama orodha iliyoambatanishwa, kurasa nne."

Tshibangu alisoma, akasaini. Kisha akachukua muhuri, akaupulizia pumzi mara mbili ili ulowe, akaurudisha mkononi mwa Zorobabel.

"Barua bila muhuri haisafiri, Shefu," alisema.

Zorobabel aligonga muhuri kwa nguvu hata meza ya sukari ikaruka.

Kuhusu gundi, ilikuwa kwenye orodha ya vinavyokosekana, ukurasa wa pili. Mama Marie-Jeanne alienda jikoni kwake akaleta tonge la bugali lililobaki, bado lina joto. Edmond alimshika Sekretere kwa ile pembe yake, kwa mikono yote miwili, mpaka kazi iishe. Zorobabel alipaka bugali kwenye ukingo wa bahasha kwa kidole, taratibu, bila kuacha pengo, akaikunja, akaikandamiza kwa kiganja na kuhesabu mpaka ishirini. Kisha akampa Edmond, ambaye aliiweka kifuani ndani ya koti, akawasha pikipiki, na kuondoka nayo kuelekea uwanja wa ndege wa Beni, huku mbuzi akimfuata mbio mpaka kona ya kwanza.